Kisu cha Mzabibu

Kila treni ya Mpanda ilipoondoka Kaliua, Hana alifungua kitabu na kujifanya hayupo. Safari hii hakufika ukurasa wa pili. Kijiti kilichochomoza kwenye gunia lililolowa maji kilimchoma sikioni.

"Samahani, dada," alisema mwenye gunia, Salvator, mkulima wa Katumba. "Ni mashina ya mizabibu. Mizizi yake migumu, ila matunda hayaliki. Juu yake unapachika kijiti cha mzabibu mtamu."

Mama Scola, aliyeketi mkabala nao, akasogea. Yeye alikuwa na mzabibu kwake Nsemulwa, majani tele, zabibu chache na chachu kama ndimu.

"Unapogoa mwezi gani?" aliuliza Salvator.

"Mwaka wa pili huu sijapogoa."

"Basi hicho ni kichaka cha kufichia mbuzi, mama. Kata sasa, mvua zimeisha, zabibu ziive kiangazi. Ukingoja mwezi wa nane zitaivia mvuani, zipasuke zote. Uchachu huo ni wa kutopogoa tu; vijiti utakavyokata tutavipachika kwenye mashina haya."

"Nikiukata utakauka."

"Haukauki."

"Sina kisu."

"Nitakuazima."

Walibishana hivyo hadi treni ikapunguza mwendo kuingia Mpanda. Hana, aliyekuwa kwenye mstari uleule wa kitabu tangu mto Ugalla, alimwona Mama Scola akikunja na kukunjua pindo la khanga.

"Kisu kipo," alisema hatimaye. "Marehemu mume wangu alikichomeka kwenye nguzo ya kichanja cha mzabibu, siku aliyopogoa mara ya mwisho. Nikikichomoa, baba, nitakuwa nimekubali kwamba harudi."

Treni ikasimama.