Jumamosi ya Kocha Reino Kangas

Honi. Mbili fupi, moja ndefu.

Wasikilizaji wapendwa, kabla gari halijaonekana, kabla taa zake hazijakata theluji, honi hiyo ilikuwa imeshafika. Kila nyumba yenye kijana wa mabega mapana iliijua, kuanzia hapa Copper Bay, ukingoni mwa ziwa, hadi mbali kusini. Mbili fupi, moja ndefu. Maana yake Kocha Reino Kangas yuko uani, na anaomba mbwa afungwe kwanza. Zamani aliwahi kung'atwa paja na mbwa wa mkata magogo, akaapa hatashuka tena garini kimyakimya. Hata hivyo, kijana wa nyumba ile hakumkosa. Alimsajili huku suruali imechanika.

Leo tunamkumbuka Kocha Reino. Alikuwa kocha wa futiboli wa chuo chetu, ile futiboli ya helmeti na ya kugongana vifua. Amefariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, akisubiri kahawa ichemke. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Chuo chetu ni kidogo. Tuseme wazi, wala hatuoni haya. Vyuo vikubwa vina viwanja vya kumeza mji wetu mzima, na vina makocha wanaopanda ndege. Sisi tulikuwa na Reino na gari lake la kubebea mizigo, lililoota kutu chini ya milango. Vyuo vikubwa huchagua vijana mapema. Reino alisubiri wamalize. Katikati ya baridi, barabara zikiwa nyeupe na makocha wengine wako kwao wanaota moto, yeye alikuwa njiani. Alitafuta waliobakizwa: aliyekuwa mfupi kidogo, aliyevunjika mguu mwaka wa mwisho wa shule, aliyetoka kwenye kimji ambacho hakuna kocha aliyewahi kukipata.

"Wao wanachukua vijana waliokwisha kuwa wakubwa," alizoea kusema. "Mimi nachukua wenye hasira ya kuwa wakubwa."

Sasa sikilizeni jambo lake lenyewe, kwa sababu ndilo lililotukusanya leo. Ratiba ya ligi ilimwachia kila mwaka Jumamosi moja wazi. Moja tu. Makocha wengine Jumamosi kama hiyo huitumia kupumzisha wachezaji, au kucheza na timu nyonge wapate ushindi wa bure. Reino aliitumia kumpeleka mtu kwao. Kila mwaka alichagua mchezaji wa mwaka wa mwisho anayetoka mbali, akatafuta chuo kilicho karibu na kwao, akaipeleka timu yote ikacheze huko. Ndugu na jamaa wakajaa jukwaani. Mchezaji akacheza mbele ya watu wake, hata kama ni mara moja tu katika miaka minne.

Mjane wake, Bi Elma, alinisimamisha nilipoanza kumsifu sana. "Hebu ngoja, kijana. Usimfanye malaika. Reino alikuwa mjanja. Akishacheza kwenye mji wa watu, mwaka unaofuata anapata vijana wawili au watatu wa huko huko. Roho nzuri alikuwa nayo, lakini hesabu pia alikuwa nayo." Kisha akacheka, akafuta macho kwa aproni.

Miaka mitatu na ushee iliyopita honi ile ililia Marrow Bend, kusini kabisa, kwenye kona ya mto. Ni nyumba ya Bi Odessa Pruitt. Bi Odessa alimlea mjukuu wake, Wendell, tangu anatambaa. Alimfungulia kocha mlango, akamtazama buti hadi kofia.

"Wewe ndiye mtu wa theluji? Ingia basi, unaniingizia baridi ndani."

Akamwandalia kambale wa kukaanga na mkate wa mahindi. Wendell alikaa kando, magoti yakigonga meza.

"Huyu sijakosa mechi yake hata moja," Bi Odessa alisema. "Sasa unataka kumpeleka kwa dubu?"

"Dubu hawamgusi, Bi Odessa. Wakishaonja chakula cha chuo chetu wanarudi porini wenyewe."

"Usinichekeshe, mzee, nazungumza ya maana. Figo zangu zimekufa, nasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Siwezi kwenda mbali na hospitali yangu. Nitamwona lini akicheza?"

Reino akaweka uma chini. "Mwaka wake wa mwisho nitaileta timu hapa."

"Timu yote?"

"Timu yote. Basi zima, na matope yake."

"Wamepita wengi humu na ahadi tamu kuliko keki."

"Hao walikuahidi makubwa atakayofanya Wendell. Mimi nakuahidi nitakalofanya mimi."

Bi Odessa akamwongezea kambale. Hivyo ndivyo tulivyompata Wendell Pruitt, mlinzi wa safu ya mbele, ambaye kwa misimu mitatu ameziba njia kama mlango wa ghala.

Mwaka wake wa mwisho ni huu. Jumamosi wazi ni moja, ile ya Oktoba. Na msimu wa baridi uliopita, chuo kikuu kimoja cha jimbo letu kilipiga simu. Kiliitaka Jumamosi hiyo hiyo.

Aliyepokea simu ni Gail Stroud, mkurugenzi wetu wa michezo. Alikimbilia ofisini kwa Reino bila koti.

"Kocha! Watu elfu sitini uwanjani. Na televisheni juu!"

"Vizuri. Watu wote hao watatuona tukipigwa sitini kwa sifuri."

"Kila kijana wa jimbo hili atalijua jina letu. Si ndicho unachohangaikia kila mwaka na hicho kigari chako?"

"Gail, kijana hachagui chuo. Anayechagua ni mama yake, pale mezani. Na mama haangalii televisheni. Anaangalia kama kocha alifanya alichosema."

"Una kichwa kigumu kama nyumbu, wewe."

"Nyumbu anafika lakini."

Hawakuelewana. Reino alikwishakubaliana na kocha wa chuo kimoja kidogo, jirani na Marrow Bend, lakini kwa mdomo na kupeana mikono tu. Hakuna mkataba uliosainiwa. Kisha, asubuhi moja, kahawa ikachemka na hakuna aliyeiepua.

Kabla hajazikwa, chuo kile kikubwa kilipiga simu tena. Gail aliomba apewe siku chache, mazishi yapite kwanza. Anasema alikuwa amekwisha kuamua. Angekubali. Aliyeahidi amekufa, na chuo kinahitaji kujulikana.

Baada ya mazishi watu walishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kula: viazi vya jibini, mkate wa iliki, kahawa nyeusi. Gail alimkuta Bi Elma jikoni, amesimama, simu bado mkononi.

"Alikuwa bibi yake Wendell," Bi Elma alisema. "Amenipa pole. Kisha unajua ameniambia nini? Eti nisijisumbue na ile mechi. Eti kocha amelala, na deni lake amelisamehe. Ameniimbia na wimbo wa kanisani, Gail, kwenye simu. Mtu anayesubiri mashine imsafishe damu, anatusamehe sisi."

Gail anasema alishika sahani ya viazi, akashindwa kula. Kule mezani Wendell alikuwa akiwamiminia wazee kahawa. Mechi ile hakuwa ameitaja kwa mtu hata siku moja.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Bi Elma Kangas, kwa watoto na wajukuu, na kwa wanaume wote waliowahi kuisikia honi ile wakakimbilia dirishani. Nanyi mliobaki, kila mmoja ajiulize leo: ni mlango wa nani aliwahi kuugonga, akasema neno, akaondoka?

Gail Stroud yuko nami hapa studioni. Na kwenye simu, kutoka Marrow Bend, tunaye Bi Odessa Pruitt. Bi Odessa, unatusikia?

"Nawasikia. Semeni haraka, nina sufuria jikoni."

Gail amesogea kwenye kipaza sauti. 

"Bi Odessa, ni Gail, wa Copper Bay. Jana nimesaini mkataba na chuo cha hapo jirani nanyi. Wale wakubwa nimewaambia watafute mwingine."

Kwenye simu inasikika sauti ya mfuniko ukiwekwa mezani, polepole.

"Binti, mimi nilishamsamehe yule mzee."

"Najua, bibi. Lakini mimi hujanisamehe, kwa sababu sijakuahidi bado. Basi nakuahidi sasa, watu wote wakisikia. Jumamosi ya Oktoba tunakuja. Timu yote, basi zima, na matope yake. Tutapita kwanza mlangoni kwako kukuchukua. Utasikia honi. Mbili fupi, moja ndefu."