Marijani Haimpigii Mtu Simu

Basi la mwendokasi lilipotoka kituo cha Gerezani, Shaibu, fundi wa breki, alikuwa anajiandaa kusinzia. Lakini binti wa kiti cha mbele yake akamgeukia mama aliyeketi naye, wala hawakuwa wanajuana. "Mama, kuna kaka nimempigia mara kumi na nne, hapokei. Nimpigie tena?"

Mama, mwenye Biblia juu ya kikapu cha dagaa, akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, Mithali inasema kima cha mke mwema chapita marijani. Umewahi kuona marijani ikimpigia mtu simu? Watu ndio huizamia baharini."

"Lakini huyo wa Mithali ana mume tayari. Mimi bado natafuta."

Shaibu aliona hoja ina uzito, akasogeza sikio.

"Tafuta, ila usijidhalilishe. Zima simu."

Binti akaizima, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la mchele.

Hapo simu ya mama ikaita. "Abee, baba Samson. Nisamehe, nakuja mbio."

Binti akamkazia macho. "Na wewe, mama?"

"Mimi nina ndoa ya miaka thelathini. Hiyo ni sura nyingine."

"Sura ya ngapi?"

Milango ikafunguka, mama akashuka na kikapu chake. Shaibu naye akashuka, akiwa amepitiliza kituo chake kwa vituo viwili.