Udongo Niliompa Jirani Yangu

Ndugu zangu wa ushirika huu, swali lililoninyima usingizi siku tatu mfululizo lilikuwa dogo sana: je, ndege anaweza kubeba mbegu ya bangi?

Naona wengine mnacheka. Chekeni tu, siwalaumu. Mimi nimesomea kilimo, nina shahada, na nilijua vizuri kwamba ndege hubeba mbegu. Nilichokuwa nakitafuta ni ndege mmoja, yeyote yule, aliyepita juu ya mtaa wetu wa Mbuya akadondosha mbegu kwenye gunia la mboga la jirani yangu, ili mbegu ile isiwe yangu. Nilifikiria njiwa. Nilifikiria shomoro. Nilifikia hata kuwaza popo. Na wakati mimi nawaza popo, mama wa watu alikuwa amekaa selo kwa ajili yangu.

Lakini nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajitetea.

Nilianza kuvuta nikiwa mwaka wa mwisho wa chuo, tulipokuwa tumepanga kule Kyambogo. Hakuna aliyenilazimisha. Akili yangu haijui kunyamaza. Nikituma barua ya kuomba kazi, nikishaituma naisoma tena mara kumi nikitafuta kosa, na nikilipata najisikia kama nimeua mtu. Bangi ilinipa nusu saa ya ukimya. Baadaye hata ule ukimya ulikwisha, nikabaki na hofu maradufu, ila mkono ulikuwa umeshazoea.

Nilipomaliza chuo nilihamia Mbuya, kwenye nyumba za kupanga za mstari mmoja, vyumba saba mlango kwa mlango. Kununua kulinitesa. Nilikuwa naenda mpaka Nateete, upande wa pili wa jiji, na kila aliyevaa kofia nilimwona askari. Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la kisomi: nitapanda mwenyewe. Chumba changu kilikuwa na bafu la nyuma ambalo maji yalishakatwa. Nikaziba dirisha, nikaweka taa. Ndiyo, Mbuya hiyohiyo, chini ya kilima chenye makao ya jeshi. Kila lori la jeshi lilipopanda mlima nilikuwa nazima taa na kukaa chini sakafuni.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipojidanganya zaidi. Niliupenda ule udongo kuliko hata mmea. Nilikata pipa nikalifanya vipande viwili, nikaujenga udongo kwa miezi: maganda ya matoke yaliyooza, samadi ya kuku iliyokaa, majivu kidogo, majani makavu, na nyungunyungu niliowaokota kwenye mfereji baada ya mvua. Sikuweka hata punje ya mbolea ya dukani. Udongo ule ulikuwa hai kweli. Ukiuchota mkononi ulikuwa mweusi, laini, na wadudu wadogo wanakimbia kati ya vidole. Nikawa najiambia kwamba kitu kilichoota kwenye udongo safi namna hii hakiwezi kuwa kichafu. Msomi mzima, najisafisha kwa samadi.

Maganda ya matoke yalitoka kwa jirani yangu wa mlango wa pili. Wengi mnamjua. Sitamtaja, na tafadhali msigeuke kuangalia viti vya nyuma. Yeye huamka mapema kupika katogo, ndizi na matumbo, kwa wafanyakazi wanaopita asubuhi. Kila siku alinibakizia ndoo ya maganda, nami nilimwambia nafanya utafiti wa udongo wa mboga.

"Miaka yote hiyo shuleni, binti, halafu unacheza na matope?" alikuwa ananiambia.

"Mama, haya si matope, ni udongo hai."

"Hai? Basi uuambie unisaidie kumenya ndizi."

Yule mama alikuwa na magunia matano ya mboga kando ya ukuta, nakati na dodo, ndiyo aliyokuwa akilisha nayo nyumba yake. Msimu uliopita mboga zake zikawa njano. Aliniuliza zina ugonjwa gani. Nikachimba kidole kwenye gunia nikaona udongo umechoka, hauna kitu. Na mimi ndani nilikuwa na pipa zima la udongo uliobaki baada ya kuvuna bangi yangu.

Mtu anayefuga udongo wa namna ile hautupi. Hang'oi hata mizizi, anakata shina na kuiacha mizizi iliwe na nyungunyungu, kisha anaulisha udongo na kuutumia tena. Ningeuchoma, au ningeuchekecha tu, leo nisingesimama hapa. Mche mmoja katika miche yangu ulikuwa dume, sikuuwahi kabla haujachavusha mingine, na mbegu zilidondoka. Nilijua zimedondoka. Nilijiambia nimeziokota zote. Nikajaza ndoo mbili nikampelekea mama, na nawaambia ukweli, nilijisikia mtu mwema kuliko siku zote.

Nakati zikapona. Zikawa za kijani mpaka majirani wakawa wanasimama kuziangalia. Na katikati ya gunia la tatu kukaota mche mmoja ambao mama hakuupanda. Nilikuwa sipiti upande ule, nilikuwa nimejifungia na wasiwasi wangu, sikuuona. Yeye aliona umependeza, akaumwagilia.

Asubuhi moja mwenyekiti wa mtaa alikuja kukagua usafi akiwa na askari wawili. Nilisikia kicheko nje. Ni jirani yetu wa bodaboda, anamwambia mama, "Kumbe ndiyo maana wateja wa katogo hawaishi! Leo niwekee sahani mbili, nyabo!" Watu wakacheka. Mama naye akacheka, bila kujua anacheka nini. Halafu askari mmoja akainama, akakata jani, akalinusa, na vicheko vikaisha.

"Hii mti ni ya nani?"

"Ni maua tu, afande, yameota yenyewe," mama alisema.

"Maua? Mama, wewe nacheza na mimi? Udongo ilitoka wapi?"

Mimi nilikuwa nimeshatoka, nimesimama mlangoni. Mama akaninyooshea mkono, ananionyesha kama mtu anavyomwonyesha mwanawe aliyefaulu mtihani.

"Udongo nilipewa na huyu binti. Lakini huyu msimsumbue, afande. Huyu amesoma, na anasali. Udongo wake ni msafi, nimeushika kwa mikono yangu."

Askari akanigeukia. "Wewe, udongo ni yako?"

Ndugu zangu, nilikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Nikasema, "Afande, udongo ule umetokana na maganda yake mwenyewe."

Hakuna uongo ndani ya sentensi hiyo. Nimeipima kila upande, kama ninavyopima kila kitu, na kila neno lake ni la kweli. Kwa sentensi hiyo ya kweli nilimkabidhi mama yule kwa polisi. Alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, alikuwa anangoja niendelee. Sikuendelea. Wakang'oa mche, wakaondoka na mama akiwa na aproni yake ya jikoni kiunoni.

Nilirudi ndani nikakatakata miche yangu yote na kuifukia kwenye lile pipa. Kisha nikakaa kuwaza ndege.

Siku ya kwanza nilijiambia watamwachia jioni. Siku ya pili nilijiambia kwamba nikijitaja sitapata kazi maisha yangu yote, na mama yangu mzazi atakufa kwa presha. Niliandika kichwani sababu za kunyamaza, zikawa nyingi na nzuri. Siku ya tatu, mchana, binti yake akagonga mlango. Ni mkubwa kidogo kuliko mimi, anafanya kazi saluni. Macho yalikuwa yamevimba.

"Dada, wewe umesoma," alisema. "Tuandikie barua ya polisi. Sema wewe ni jirani, unamfahamu mama, sema hajui kitu. Wanasema anauza. Mama yangu anauza bangi, kweli?"

Nilimwambia akae. Nikachukua karatasi, nikaandika vizuri kabisa: Mimi niliyetia sahihi hapa chini, jirani wa mshukiwa, nathibitisha kwamba hana hatia yoyote, kwa kuwa bangi iliyokutwa kwenye gunia lake ilitoka.

Kalamu ikasimama hapo. Binti yake alikuwa amekaa kitandani kwangu, anangoja, ananiangalia kama mtu anayeangalia fundi. Nilifuta. Nikaanza upya. Sentensi ikafika palepale. Mara ya tatu nikaandika neno lililokuwa linakosekana, nikaandika "kwangu", nikampa karatasi asome.

Alisoma polepole. Akarudia. Nilitegemea anipige. Alisema, "Basi vaa viatu."

Njiani nilimpigia simu ndugu mmoja wa ushirika huu, yule anayeongoza maombi ya Ijumaa, nikamweleza yote huku nalia barabarani. Hakunihubiria. Aliuliza kituo gani, akafika kabla yetu. Nilitoa barua yangu kaunta, askari akaisoma, akaniambia, "Sasa wewe naandika hii mambo yote kwa mkono yako, nyabo, wewe ni mzima?" Nikamwambia sijawahi kuwa mzima kama leo. Nililala selo, na mama akatoka kwa dhamana kesho yake. Mimi nilitoka kwa dhamana baada ya siku kadhaa, sote wawili tukiwa tumeshtakiwa.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru yule ndugu, nawashukuru ninyi wawili mliokuja kunidhamini bila kuniuliza maswali, mmoja ametoka kazini na nguo za kazi. Namshukuru yule binti, ambaye bado hajanizoea, na ana haki. Na mama, siku niliyotoka nilimkuta nje anamenya ndizi. Nilipiga magoti. Akasema, "Inuka, unanikanyagia maganda." Baadaye kidogo akasema, "Uliniumiza, binti. Si kwa kile kimti. Ni pale mlangoni." Sivuti tena, huu ni mwezi wa nne, na kuna siku ni ngumu.

Kama kuna kijana hapa mwenye akili kama yangu, isiyonyamaza, namwachia hili. Mimi nilidhani nawaza sana kwa sababu najali sana. Kumbe mara nyingi nilikuwa nawaza ili nisifanye. Ukijiona unatafuta ndege wa kumsingizia, nenda kwa uliyemkosea kabla hujampata huyo ndege.

Naomba mniombee kwa sababu hukumu yangu inasomwa Alhamisi. Wakili aliyejitolea kunisaidia alinishauri nikane. Aliniambia, "Mche ulikutwa kwenye gunia la yule mama. Kwako hawakukuta kitu. Ile barua tunaweza kusema uliandika kwa huruma." Alikuwa na hoja. Niliielewa hoja yake kuliko yeye mwenyewe, na nilijua pia kwamba nikikana, mashtaka yote yanambakia mama peke yake.

Jumanne tulisimama kizimbani pamoja, mama na mimi, bega kwa bega. Karani akasoma shtaka. Hakimu akaniuliza kama ni kweli au si kweli. Nikasema, "Ni kweli, mheshimiwa. Mche ule ni wangu, na huyu mama hakujua lolote." Akaniuliza kama nimeelewa maana ya jibu langu. Nikamwambia ninaelewa. Akaandika kwa muda mrefu. Kisha mwendesha mashtaka akasimama na kuomba shtaka la mama liondolewe, hakimu akakubali, mama akashuka kizimbani akiwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, na mimi nikabaki nimesimama.