Chungu Kilichozama

Xiuyun alikuwa amechuchumaa jikoni, mkasi mkononi, akikatia kwenye beseni la maji mizizi iliyooza ya ua la marehemu baba yake, lile junzilan kubwa lenye majani mapana kama mikanda, wakati kaka yake Zhenhai alipoingia na theluji kwenye viatu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba daktari amempigia simu. Mama hatarudishwa hospitali. Hakuna kilichobaki cha kutibu.

"Msinong'one," mama yao alisema kutoka kitandani, maana kati ya jiko na chumba palikuwa na pazia tu. "Nimesikia. Zhenhai, mwite mkeo aache unga kidogo. Xiuyun, lete hilo beseni hapa, na ua lenyewe."

Xiuyun alilibeba beseni pamoja na ua. Kule Dalian, mji wa mbali kando ya bahari, jiko la shule moja ya watoto wadogo lilikuwa limemwekea nafasi ya upishi mpaka baridi iishe, na hakuwa amemwambia mtu. Zhenhai naye alikwishapanga: dada hana mume wala mtoto, basi abaki hapa ghorofa ya sita, alinde dirisha lenye maua ya baba. Alilisema jambo hilo kila alipokuja, kama mtu anayesema kesho ni Jumatatu.

Mama aliegemezwa mito. Fenglan, mke wa Zhenhai, alisimama mlangoni na unga mpaka viwikoni.

"Sikilizeni, wanangu, na mtu asinikatize, maana pumzi yangu haitoshi kusema jambo mara mbili. Fenglan, cherehani ni yako, wewe ndiye uliyeitumia bila kuivunja. Baba yenu na mdogo wake waligombania mche mmoja wa ua hili mpaka wakafa hawasalimiani, na watoto wa baba yenu mdogo bado wanao huo mche. Waacheni nao. Mkikutana nao sokoni, waulizeni hali za watoto wao.

"Sasa maua. Zhenhai, sogea, wewe ndiye utakayeyachukua."

"Mimi? Mama, mimi na maua wapi na wapi? Hata ndevu zangu zinanishinda. Dada ndiye anayejua."

"Nimesema usinikatize. Jani likilegea, usikimbilie birika. Jani lenye kiu hulegea likiwa jembamba, limekauka nchani, ukilikunja linalia kama karatasi. Lililozama maji nalo hulegea, lakini manjano yake huanzia chini, karibu na shina, na ukilibonyeza ni teketeke kama kitunguu kilichochemshwa. Ukisimama mlangoni yote mawili ni sawa, ndiyo maana watu huliongezea maji ua linalozama, kwa huruma. Gonga chungu kwa kifundo cha kidole. Kikavu kinalia, kilichojaa maji kinanyamaza. Chomeka kijiti cha kulia chakula mpaka chini, kwa sababu mabomba haya ya kupasha nyumba joto hukausha udongo wa juu na chini kukabaki tope. Dada yako anayajua yote haya. Alianza kugonga vyungu kabla hajaufikia ukingo wa dirisha."

Mama alitia mkono kwenye beseni, akatoa mzizi mmoja na kuuvuta. Ngozi ilichubuka yote, kikabaki kiuzi.

"Tazameni. Asiyejua maji huzamisha vyungu vyote sawasawa. Dirishani pale viko vingine kumi, na vyote ni vizima. Kimezama hiki kimoja, hiki mnachotaka kumfungia nacho mwenzenu humu ndani."

Fenglan aliacha kujifuta unga. Xiuyun aliangalia maji ya kahawia ndani ya beseni na hakuweza kuinua macho.

"Mama..."

"Sikukuuliza, na sitakuuliza. Anayejua maji akizidisha kwa makusudi, chungu hakina la kukuambia, mtazame mtu. Nami nimemtazama, sina kingine cha kutazama toka niliposhindwa na ngazi. Mimi nimefungwa humu na ugonjwa. Yeye ana miguu mizima. Basi nikishaondoka, nyumba ni ya Xiuyun, aiuze au aifunge, na aende anakotaka. Mtu asimwite arudi kwa ajili ya ua, wala kwa sababu mtoto wenu ana mitihani."

"Kwani anakwenda wapi?" Zhenhai aliuliza.

"Dalian," Xiuyun alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Kupika. Shule ya watoto."

"Dalian kuna upepo, na wewe masikio yako..."

"Nitavaa kofia, kaka."

Zhenhai alimtazama mama yake. Aliinama akalichukua ua kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. "Nalipanda leo?"

"Usilipande. Lilaze... juu ya gazeti, vidonda vikauke. Likifa, limekufa." Mama alifumba macho, maneno yakaanza kuachana. "Nawatakia... afya. Milango yenu isikose wa kubisha. Zhenhai, usiwe kama baba yako na... na mdogo wake. Fenglan, maji yanachemka. Nayasikia."

Fenglan alikwenda kutia majini jiaozi, vifurushi vya unga vilivyojazwa kabichi iliyochachushwa. Walisogeza meza mpaka ikagusa kitanda, wakapanga mabakuli manne na siki. Mama hakuweza kutafuna. Xiuyun alimnywesha mchuzi kwa kijiko, na kila kijiko kilichukua muda.

"Nani wapo?" mama aliuliza bila kufumbua macho.

"Sote, Mama," alisema Zhenhai.

"Zhenhai yupo. Fenglan..."

"Nipo, Mama."

"Xiuyun?"

"Nipo."

"Leo upo," alisema mama. "Haya, kuleni."