Sinclair Wapachee na Njia ya Ziwa Jembamba

Ndugu na jamaa, mimi ni Daisy, dada mkubwa wa marehemu. Mchungaji ameniomba niusome wasifu huu kwa upole. Nitajaribu, lakini mjue mapema kwamba nimekasirika, na ninayemkasirikia amelala hapa mbele na hawezi kunijibu. Akiwa hai alikuwa hakosi jibu.

Marehemu Sinclair Wapachee alizaliwa tarehe 3 Machi 1960, kambini kwa wazazi wetu kando ya Ziwa Jembamba, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Philip Wapachee na Mama Juliet, ambaye amekaa hapa mstari wa mbele. Baba alikuwa ametoka kukagua mitego ya biva, wale wanyama wa majini wenye manyoya mazito. Aliporudi akakuta mtoto ameshanyonya na kulala, akalalamika kwamba hakungojewa. Hivyo ndivyo Mama anavyosimulia mpaka leo.

Septemba 1967 ndege ilitua juu ya ziwa ikatuchukua sote wawili kwenda shule ya bweni. Jina la shule hiyo sitalitaja ndani ya kanisa. Marehemu alisoma huko miaka tisa. Mwaka 1974 baba yetu alifariki, akazikwa pale pale Ziwa Jembamba, na sisi watoto wake hatukuruhusiwa kuja kumzika. Hasira ya jambo hilo sijaimaliza, wala sikusudii kuimaliza.

Alirudi nyumbani mwaka 1976, kijana wa miaka kumi na sita asiyejua kutembea na viatu vya theluji, vile vipana vya fremu ya mti na wavu wa ngozi. Siku ya kwanza alijikanyaga mwenyewe akaanguka kifudifudi mbele ya mlango. Mama alicheka hadi akaketi chini. "Panua miguu, mwanangu! Kiatu kimoja kinamkanyaga mwenzake, utafika lini?" Alijifunza. Alijifunza kwa hasira, kama alivyofanya kila kitu.

Kazi yake ilikuwa kutega, na kila majira ya baridi kupanga njia za safari za miguu ambazo kwazo kijiji chetu cha Mistissini huwapeleka vijana kambini porini. Hakuna asiyejua masharti yake hapa. Usipite kwenye mlango mwembamba wa ziwa, maana maji yanakimbia chini na barafu ni nyepesi. Piga hema penye kuni kavu, si penye mandhari nzuri. Watu wawili watangulie siku moja kabla, wakikanyaga theluji kwa zamu, ili njia igande usiku na kesho yake sleji zetu za mbao za kukokotwa ziteleze juu yake bila taabu. Na la mwisho, kila jioni tangaza kwenye redio ya upepo kesho unakwenda wapi, na nani.

Hilo la mwisho hakulisamehe kwa mtu yeyote. Mwaka juzi alimkaripia mwanawe Gilbert redioni, kambi zote zikisikiliza.

"Gilbert, kesho unakwenda na nani?"

"Peke yangu, baba. Ni hapo karibu tu."

"Basi kaa hapo hapo karibu, uchemshe chai. Mwingine mwenye akili za kuku aseme tumsikie."

Tarehe 12 Julai 1986 alifunga ndoa na Minnie, wakajaliwa watoto wawili, Gilbert na Harriet. Minnie ameniomba niseme habari ya unga. Marehemu hakupenda kupanga njia kwenye karatasi. Alimwaga unga mezani, akachora maziwa kwa kidole, na palipokuwa na barafu mbaya akadondosha chai. Siku moja Minnie aliingia, akatazama.

"Sinclair, huo ni unga wangu wa mkate."

"Subiri kidogo, nipo katikati ya ziwa."

"Toka ziwani nikande unga, au ule ziwa lako."

Jioni ile walikula mkate wa kikaangoni wenye ladha ya chai. Na sasa nacheka, mnaona, wakati nilijiapiza nisicheke.

Novemba iliyopita moyo wake ulianza kumsumbua. Daktari alimkataza kabisa kukanyaga theluji mpya. Marehemu aliitikia, "Ndiyo, daktari," kwa adabu ambayo mimi dada yake sijawahi kuipata. Krismasi ilipofika, Mama, mwenye miaka themanini na minne, akasema anataka kufika kaburini kwa Baba mara moja tena. Pikipiki ya theluji inamtikisa mifupa, haiwezi. Ilibidi avutwe kwa sleji juu ya njia iliyokanyagwa ikaganda vizuri. Tukakaa kikao. Marehemu apange njia, Gilbert na Harriet waikanyage, na yeye abaki hemani kuchochea jiko. Akakubali mbele yetu wote. Vipande vya mwanzo watoto walivikanyaga, kikabaki kipande cha mwisho, nao walipanga kukimaliza Alhamisi.

Jumapili jioni, tarehe 10 Februari 2019, redioni hakusema kitu. Alijua tungemzuia. Jumatatu alfajiri akaondoka na kikapu chake cha chai, peke yake, mtu aliyetukaripia sote miaka thelathini kwa kosa hilo hilo! Binamu mmoja alimwona akipita, akampungia mkono, basi. Binamu, ulishindwa kuuliza, "Na nani?" Maneno mawili tu.

Gilbert alimkuta Jumanne, ameegemea msonobari ukingoni mwa Ziwa Jembamba. Viatu vyake vya theluji vilikuwa vimesimikwa wima thelujini, kama tufanyavyo tukifika. Chai alikuwa ameshakunywa. Njia yote, hadi penye msalaba wa Baba, ilikuwa imekanyagwa, pana, haina kona kali, imeganda.

Nilitangaza kwamba safari imevunjwa. Nilisema njia iliyomuua mdogo wangu sitaikanyaga. Jana Mama aliniita chumbani.

"Daisy, theluji nyingine inakuja lini?"

"Wanasema Jumatatu, Mama."

"Ikianguka itaifukia njia?"

"Itaifukia."

"Basi unalia nini hapa? Mtoto wangu kanitengenezea njia kwa roho yake, nawe unataka theluji ilale juu yake. Nilizuiwa kuwa na watoto wangu siku ya kumzika baba yenu. Nitakwenda kumwambia mwenyewe kwamba mwanawe amefika."

Nikatoka kufunga kamba za sleji. Bado nina hasira, Sinclair. Ungengoja hadi Alhamisi. Siku tatu tu, na leo ungekuwa unanipigia kelele kwamba nimefunga kamba za sleji vibaya.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na dada mmoja asiye na adabu. Apumzike kwa amani, na kwa mara ya kwanza asimpangie mtu pa kupita. Jioni hii washeni redio zenu. Mtanisikia nikitangaza kwamba kesho asubuhi tunakwenda Ziwa Jembamba: Mama Juliet kwenye sleji, Minnie, Harriet, Gilbert na mimi. Na mwenye kuuliza "Na nani?" aulize kwa sauti.