Kesho ya Injinia

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kwenye ukuta wa duka la kinyozi, mkabala na geti la hospitali. Ikifika saa kumi alasiri ukakosa nafasi pale, ujue siku yako imeharibika. Mama Birika aliuza kahawa, na vikombe vyake kumi na viwili alivijua kimoja kimoja kama wanawe. Wembe, kinyozi mwenyewe, alikuwa mtu wa methali nyingi, na hakuna hata moja aliyopata kuiweka mahali pake. Karibu naye alikaa Ibara, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hata mvua ikinyesha huuliza mshitakiwa ni nani. Na pale penye kivuli alikaa Injinia. Huyu alikuwa amezishughulikia kompyuta za hospitali ile miaka ishirini kabla ya kustaafu, na kijiwe kizima kilimwachia neno la mwisho. Alhamisi hiyo, neno la mwisho ndilo lililomkaba.

Kitinda, binti wa mwisho wa Mama Birika, alivuka barabara na laptopu kwapani, macho mekundu. Alikuwa kwenye mwezi wa tatu wa majaribio katika ofisi ya kompyuta hospitalini. Aliwaamkia wazee, wakamwitikia, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

— Imeganda tena, alisema.

— Ile ya maabara? mama yake akauliza.

— Hiyo hiyo. Wiki ya tatu sasa. Asubuhi nzima, alasiri imeganda. Tukiizima na kuiwasha inaamka kama si yenyewe. Majibu ya vipimo hayafiki wodini, watu wanapanda nayo ghorofa nne kwa miguu. Mkuu wangu amesema mwisho kesho. Nikishindwa, vipimo vinahamishiwa hospitali ya ng'ambo ya mji, na mimi nitafute pa kwenda.

Injinia alikohoa. Aliijua mashine hiyo. Aliijua kuliko alivyotaka kijiwe kijue.

— Joto hilo, alisema Wembe, akipuliza kahawa yake. Chumba hakina hewa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Mwana gani tena?

— Mwana yeyote. Joto ni joto.

— Chumba kina kiyoyozi, mjomba. Mimi mwenyewe navaa sweta humo.

— Basi panya. Wamekula waya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Umeinama ukaangalia?

— Sijainama, lakini tatizo si waya. Nimeshalishika lilipo. Liko kwenye draiva.

Ibara alikaa wima kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kizimbani.

— Ahaa. Nilijua kuna mtu. Huyo draiva ana leseni?

— Si dereva wa gari, mzee. Draiva ni programu ndogo. Inakaa kati ya kompyuta na kadi ya mtandao, inawatafsiria. Bila hiyo hawaelewani.

— Mkalimani, basi. Na mkalimani akipotosha ushahidi, sheria iko wazi. Nani kamlipa? Hospitali ya ng'ambo, bila shaka. Wagonjwa wanahamia kwa nani? Tazameni anayefaidika.

— Inawezekana, alisema Injinia taratibu. Kitaalamu, inawezekana.

Kitinda alimtazama kwa mshangao. Mjomba Injinia ndiye aliyemfundisha kuandika programu akiwa sekondari, hapo hapo barazani, kwa kalamu na karatasi maana kompyuta haikuwepo. Hakuwahi kumsikia akiunga mkono upuuzi.

— Labda inasahau, alisema Mama Birika. Mashine ya zamani ile. Uzee hauna dawa.

— Ingekuwa inasahau, mama, ningeshukuru. Tatizo lake haisahau chochote. Inashika kila kitu hadi inakosa pa kupumulia.

— Kama mke wangu, alisema Wembe.

Kitinda alisogeza sinia la mama yake mbele ya ndoo.

— Angalieni. Kompyuta ina kumbukumbu, na kumbukumbu ina kiasi. Chukulieni ndiyo hivi vikombe. Ujumbe ukija kwenye waya, draiva anaomba kikombe, ujumbe unamiminwa humo, kompyuta inasoma, kikombe kinarudi kwenye sinia. Sawa?

— Sawa.

— Sasa kuna siku ujumbe unafika umeharibika. Draiva anautazama, anaona haufai, anageuka anaenda zake. Kikombe hakirudishi.

— Anakiweka wapi? Mama Birika aliuliza, uso umebadilika.

— Hakiweki popote. Anakiacha. Hakuna anayekitumia, hakuna anayekirudisha. Leo kimoja, baadaye kingine. Ikifika alasiri sinia ni tupu na wateja wamejipanga. Ndiyo kuganda kwenyewe.

— Mtu wa hivyo mimi singemuuzia tena, alisema Mama Birika, naye akavihesabu vikombe vyake kwa macho.

Wembe alitikisa kichwa. Maelezo yaliyonyooka namna hiyo hayakumpendeza.

— Nyinyi hamwoni. Mashine inashinda inasoma damu. Damu asubuhi, damu mchana. Hata mimi nikimkata mteja sikio naona kizunguzungu. Inazimia ile, haigandi. Mhamishieni kwenye ofisi ya mapokezi apumzike.

— Au imegoma, alisema Ibara. Saa nane za kazi zikiisha, inasimama. Ina haki zake. Tena nasema, huenda mashine za hospitali zote zimekubaliana, hii yetu ndiyo imetangulizwa.

— Kitaalamu, alianza Injinia, halafu akaona Kitinda bado anamtazama, akameza kahawa iliyomuunguza ulimi.

Moyoni alikuwa anapiga hesabu nyingine. Mashine haijawahi kuganda miaka yote hiyo, kwa nini sasa? Ujumbe ulioharibika ulikuwa nadra zamani. Waya zilikuwa mpya. Kama zinachakaa, ujumbe mbovu utakuwa unaingia kwa mamia. Na kila mmoja unapita pale pale. Alipakumbuka mahali penyewe kama mtu anavyokumbuka jino lililong'olewa.

— Si urudishe hivyo vikombe tu? aliuliza Mama Birika.

— Nilirudisha, mama. Jana. Niliongeza mstari mmoja, ujumbe ukiwa mbovu kikombe kirudi kwenye sinia. Kompyuta haikufika hata saa nne asubuhi. Safari hii haikuganda, ilianguka kabisa, na majibu mawili ya wagonjwa yakachanganyika na takataka. Tuliyawahi kabla hayajamfikia daktari.

Injinia aliweka kikombe chini. Alijua kwa nini. Mtu yeyote aliyeandika draiva ile angejua kwa nini, na mtu huyo alikuwa mmoja tu. Angeweza kulisema kwa sentensi mbili. Lakini swali la pili lingekuwa, umejuaje?

— Panya, alisema. Mimi naungana na Wembe. Tuanze na panya.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Wembe kwa furaha. Ndiyo maana mimi nyufa sizigusi. Ukuta mpya ni mzuri zaidi.

Wakati huo mama mmoja mwenye koti jeupe la maabara alikuwa ametoka getini akichechemea. Hakuwa mtu wa benchi. Aliomba kahawa, akainywa amesimama, mkono mmoja kiunoni. Bahasha za majibu zilikuwa zimemjaa mfukoni.

— Endelea, binti, alimwambia Kitinda. Mimi ndiye ninayepanda hizo ngazi. Nimesikia mnaizungumzia.

Kitinda alifungua laptopu magotini.

— Kinachonikera ni kwamba aliyeandika alijua. Si kwamba hakuona. Pale pale kwenye kosa ameacha maneno. Jina hakuweka. Ameandika hivi: "Ujumbe ukiwa mbovu, kikombe kinabaki. Hapa nitarudi kesho." Basi. Chini yake hakuna kitu. Miaka kumi na moja.

— Ameandika kikombe? Ibara akauliza.

— Ameandika kikombe. Ndiko nilikoutoa mfano.

Mama wa maabara alimaliza kahawa. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza basi linapita saa ngapi:

— Kesho ipi?

Wembe alitafuta methali juu, kwenye bati la paa, asiipate. Mama Birika alisimama na birika mkononi bila kumimina. Gari la wagonjwa liliingia getini, geti likafungwa.

Injinia alisikia masikio yake yanapata moto. Alitazama miguu ya yule mama. Vifundo vilikuwa vimevimba juu ya ukingo wa viatu.

— Ilikuwa Alhamisi, alisema.

Wote wakageuka.

— Jumatano mtandao uliwaka mara ya kwanza. Nilikuwa sijalala siku mbili, nikaona lile kosa, nikaandika nitarudi kesho. Alhamisi nikafika na nia njema kabisa. Nikamkuta mkurugenzi mlangoni na mpiga picha. Akanishika mkono mbele ya watu, nikapigwa picha na mashine. Ile picha bado ipo korido ya chini, mnaijua. Sasa niambieni, mtu ameshapigwa picha na mashine inayofanya kazi, atarudi vipi mchana huo huo kusema haifanyi kazi?

— Kwa hiyo ulijua, alisema Kitinda.

— Nilijua nikasahau. Halafu uliposema leo nikakumbuka, nikanyamaza. Hilo la pili ndilo baya.

Kitinda alifunga laptopu, akaifungua tena. Injinia aliona afadhali angetukanwa.

— Na mstari wangu wa jana? aliuliza mwishowe. Kwa nini iliharibika zaidi?

Injinia alivuta sinia. Alichukua kikombe mkononi mwa Wembe, akakiweka kwenye sinia, kisha akampa Ibara.

— Umekirudisha, na kompyuta imempa mwingine. Lakini kadi ya mtandao hujaiambia. Kadi ilishapewa anwani ya kikombe hiki tangu mwanzo, nayo haiulizi, inamimina tu. Mama Birika, tafadhali, mmiminie Wembe.

— Wembe hana kikombe.

— Mimina pale pale kikombe chake kilipokwenda.

Mama Birika, ambaye hakuwa mtu wa mizaha, alimimina. Kahawa ilijaa kikombe cha Ibara, ikafurika, ikateremka kwenye suruali yake ya mahakamani.

— Napinga, alisema Ibara akiruka.

— Ndiyo majibu yalivyochanganyika, alisema Kitinda taratibu. Nilimpa mtu kikombe ambacho kadi bado inakimiminia.

— Ndiyo. Kikombe chenye ujumbe mbovu kisirudi kwenye sinia. Kimwagwe, kisuuzwe, kibaki pale pale kwa kadi kisubiri ujumbe mwingine. Mistari miwili.

— Mistari miwili, alirudia mama wa maabara, na kila mtu alisikia ngazi ndani ya sauti yake.

Injinia alisimama. Magoti yalilia.

— Nipeleke, alimwambia Kitinda. Kama mlinzi ataniruhusu.

Walifanya kazi hadi magharibi. Kitinda alimkataza mzee asiguse kibodi. Alimtaka aseme, yeye aandike, kisha alimuuliza sababu ya kila neno kama yeye alivyoulizwa zamani barazani. Alipoinama chini ya meza kutafuta waya mbovu wa kujaribia, alitoka na waya uliokuwa umetafunwa hadi shaba ikaonekana, na kinyesi cha panya juu yake.

— Wembe asijue, alisema Injinia.

— Atajua, alisema Kitinda, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Hawakuubadilisha. Waliuacha makusudi usiku mzima, utupe ujumbe mbovu mwingi iwezekanavyo, wakifuatilia kama kumbukumbu inapungua. Asubuhi ilikuwa pale pale walipoiacha. Saa sita mchana, pale pale. Mkuu wa Kitinda alikuja akasimama nyuma yao, mikono mfukoni, tangu saa nane hadi saa kumi na moja. Alasiri ilifika ikapita. Alipoona hakuna kinachotokea alisema waya ubadilishwe, na kwamba Jumatatu Kitinda aje na kitambulisho chake asainishwe mkataba. Injinia alimweleza nani aliyeacha lile kosa, kwa maneno yasiyo na kona. Mkuu alimtazama kidogo, akasema hata yeye ana faili zake ambazo anaomba zisifunguliwe.

Injinia alitoka peke yake. Kwenye korido ya chini aliipita picha bila kuiangalia. Badala ya kwenda getini alipanda ngazi, akamkuta yule mama wa maabara, amekaa ghorofa ya pili, viatu amevivua, bahasha magotini.

— Vipi, wamekutuma tena? alimuuliza kwa hofu.

— Hakuna aliyenituma. Nilichukua majibu nikaanza kupanda kwa mazoea. Nimefika hapa, nesi ananiita kutoka juu, ananiambia yameshafika, daktari ameshayasoma.

— Sasa?

— Sasa sijui nipande au nishuke.

Injinia alishika reli, akajishusha polepole hadi akakaa kwenye ngazi moja chini yake.

— Pole, alisema. Kwa ngazi zote hizo.

Yule mama alifikiri. Kisha alisogeza viatu vyake pembeni ili mzee apate pa kuegemea.