Kostimu Moja ya Toka Mupya

Kwa kona yangu ya Mabanga, pale njia ya mawe ya volkano inapokutana na ile inayoenda Majengo, kuko benchi moja ya mbao na watu watatu ambao hawana kazi ya asubuhi. Mimi ni Mama Nshobole, nauza kahawa, na niseme wazi: wateja wangu wananichosha. Wanakunywa polepole na wanaongea mbio. Kuko Védaste, fundi wa kushona, tunamuita Mètre kwa sababu utepe wake wa kupima hautoki shingoni hata akienda misa. Kuko Havugimana, tunamuita Procureur, anashitaki kila mutu hata mvua. Na kuko Onésime, tunamuita Antenne, anatengeneza televizio na anaamini zinamusikia. Asubuhi ile moshi wa mulima ulikuwa umeshuka na ukungu, hatukuona hata nyumba za ngambo ya njia. Kwa upande wa Sake mabomu yalikuwa yanalia mbali, moja, halafu kimya, halafu moja tena. Mwaka ulikuwa deux mille vingt-trois, elfu mbili ishirini na tatu, tulikuwa tumeshazoea. Ndiyo saa hiyo Antenne akaanza.

—Jana nilifungua televizio ya muzee mumoja wa Majengo. Nzee kabisa, haina hata waya. Ikawaka yenyewe! Ikaonyesha mutu amevaa kostimu nyeusi, koti na suruali yake, anasimama mbele ya kioo.

—Haina waya, ikawaka, nikamwambia. Kunywa kahawa yako, Onésime.

—Mama, haki ya Mungu! Ilikuwa "Toka Mupya". Ile emisyo ya mode, kipindi cha mavazi. Ile ya mwisho, yenye haikupitaka kwa televizio.

Procureur akaweka kikombe chini.

—Usimucheke, Mama. Ile emisyo mimi naishitaki tangu siku ya kwanza. Ilizaliwa ndani ya moto. Volkano ya deux mille deux, miaka ishirini na moja nyuma, iliteketeza nyumba ya Directeur Rodrigue, mwenye emisyo, kabati, viatu, yote. Alikimbilia Gisenyi na kostimu yenye alikuwa amevaa. Aliporudi, kostimu haikuwa na hata harufu ya moshi. Eleza hiyo!

—Alikuwa ameivaa, nikasema. Haikuwa kwa nyumba.

—Mama, wewe uza kahawa.

Nilimuongezea maji kwa kikombe bila kumuuliza. Ndivyo namulipiza.

Kwa wale hawakuiona: baada ya volkano muji muzima ulivaa nguo za kupewa, mashati ya watu tusiowajua. Rodrigue akaona watu wamechoka kujiona vile. Akafungua studio ndogo juu ya lava iliyopoa, akatafuta kamera. Kila mardi, Jumanne, alikuwa anachukua mutu mumoja njiani, muuza makala ya kupikia, mubeba mizigo, muchungaji. Alimunyoa, alimuvika, alimusimamisha mbele ya kioo, na sisi wote tulikuwa tunapiga kelele nyumbani. Mimi nililia kwa yule wa makala, siwezi kudanganya. Emisyo iliendelea miaka nane.

—Na kostimu ni ile ile moja, Antenne akasema. Mutu murefu, inamuenea. Mufupi, inamuenea. Kostimu gani inafanya vile? Ilikuwa inawapima yenyewe.

Mètre akacheka, lakini kidogo.

—Ilikuwa mimi. Nilikuwa nafunga na pini kwa mugongo. Ndiyo maana tuliwakataza kugeuka. Kamera ikizimwa, navua kostimu, natundika, mutu anavaa tena nguo zake, anaenda kwao kula ugali wake.

—Kumbe! Procureur akaruka. Mulitudanganya miaka nane!

—Hatukudanganya. Tulionyesha mbele tu.

Katikati ya maneno haya musichana mumoja alikuwa amekaa kwa ncha ya benchi. Alisema anaitwa Uwitonze, ametoka Masisi, sasa anakaa kwa kambi ya wakimbizi pamoja na mama yake. Aliomba kahawa, akaishika na mikono miwili, hakuinywa. Nilifikiri anaota joto tu.

—Sasa sema ile ya mwisho, Antenne akamwambia Mètre. Sema juu ya mutu wa mara mbili.

Hiyo nimeisikia mara makumi. Na kila mara ngozi yangu inasimama, ninakasirika nayo.

Mètre akavuta utepe wake shingoni.

—Ilikuwa mardi, mwezi wa kumi na moja, deux mille douze, elfu mbili na kumi na mbili. Siku waasi waliingia muji. Risasi zilikuwa tayari kwa kiwanja cha ndege. Nilimwambia Directeur tufunge. Akasema, namaliza huyu. Huyu alikuwa papa mumoja wa Masisi, muuza fromage, jibini. Alifika na koti ndefu ya kahawia, bottes za mvua, kofia, na kitunga chake. Tukaziweka kwa chumba cha nyuma. Nikamuvika kostimu, nikafunga pini, nikamupeleka mbele ya kioo. Alijiangalia. Halafu akasema, "Huyu ni nani?" Wote wanasemaka hivyo, lakini yeye aliuliza kweli.

—Na wewe? Procureur akasema. Wewe uliona nini?

—Mimi niligeuza kichwa. Na nikaona yule yule papa anatoka kwa mulango wa nyuma. Koti ya kahawia, bottes, kofia, kitunga mukononi. Nikageuka kwa kioo: papa iko pale na kostimu. Wawili. Saa ile ile, mutu mumoja, wawili.

Bomu likalia upande wa Sake. Hakuna aliyehesabu.

—Ni kioo, Antenne akasema. Kioo kilikuwa kimesimama juu ya lava. Lava haisahau. Kilimutoa mutu wa zamani kikamuachilia aende. Ndiyo maana watu wa ile emisyo wote walibadilika tabia. Yule wa makala aliacha bibi yake wa ndoa!

—Aliacha bibi kwa sababu alionekana kwa televizio, nikasema.

—Mimi nasema hata sisi, Procureur akasema pole pole. Siku ile muji muzima uligeuka. Askari wa serikali walitupa tenue zao, nguo za jeshi, kwa mifereji, kwa vyoo, walikuwa wanaomba watu suruali na Kilingala chao. Asubuhi unaona askari, mangaribi unaona raia. Na waasi walikuwa wanapanda malori, mwenye kukutwa na tenue anapakiwa. Nani anajua hapa kwa benchi kama tuko wale wale wa kabla ya volkano? Labda wale walibaki chini ya mawe, na sisi ni wenye kutoka.

Hapo hata mimi nilitazama mikono yangu. Mupumbavu huyu anaweza kukutia baridi.

—Volkano ya vingt et un, ile ya miaka miwili nyuma, ilipopita, Mètre akaongeza, nilirudi kuangalia. Studio imebaki kuta. Kostimu niko nayo mimi, kwa nyumba, na pini zake. Sijaigusa.

Musichana akaweka kikombe chini. Akatoa picha kwa mukoba, ndogo, ya kadi ya uchaguzi, akaiweka kwa benchi mbele ya Mètre.

—Ni huyu?

Mètre aliinama.

—Ndiye. Papa wa fromage.

—Anaitwa Nizeyimana. Ni papa yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Watu walituambia alichukuliwa kuvikwa kwa televizio, tukangojea kumuona. Mwezi uliofuata mama yangu aliona koti yake hapa Mabanga. Alikimbia, akaita jina lake, akashika mukono. Mutu akageuka. Hakuwa yeye. Alikuwa kijana wa Kinshasa, alisema neno moja la Kilingala, akakimbia.

Procureur, mwenye kushitaki mvua, alikuwa anaangalia njia.

—Papa, Uwitonze akamwambia Mètre, na heshima, bila kupandisha sauti. Kostimu iko kwako. Koti yake ilitoka kwa mulango wa nyuma na mutu mwingine. Papa yangu alitoka amevaa nini?

Nimesikia historia hii miaka kumi na moja. Nimeicheka, nimeiogopa, nimeiuzia kahawa. Hata siku moja sikufikiri kuuliza hivyo.

—Mètre, nikasema. Jibu mutoto.

—Directeur alisema kostimu isitoke, akasema. Ilikuwa moja tu. Nilitoa pini zote. Nilimupeleka kwa chumba cha nyuma achukue vitu vyake, nikafunga mulango, ili avae.

—Na kwa chumba? nikamuuliza.

Alipapasa utepe wake, akauvua shingoni. Mimi sijawahi kuona shingo ile bila utepe.

—Kulikuwa giza, Mama. Umeme ulikuwa umekatika. Kulikuwa nguo kwa sakafu. Sikuangalia. Nilisikia anasema kupitia mulango, "Hizi si zangu." Nikamwambia avae haraka, watu wanakimbia.

Hakuna aliyeuliza ni nguo za rangi gani; tenue za siku ile wote tulizijua. Uwitonze aliokota picha, akaipanguza na kitenge chake, akairudisha kwa mukoba.

—Tulizunguka hospitali zote, akasema. Makaburi yote ya raia. Mama alikuwa anauliza watu kama wameona mutu wa koti ya kahawia. Hata siku moja hatukuuliza juu ya askari.